Siku Niliyotafsiri Njaa

Manka mwanangu,

Salamu za nini, wakati nakusikia chumba cha pili ukicheka na mdogo wako kwa sababu sanduku limekataa kufungika? Niko hapa jikoni, vyombo vya chakula cha jioni nimevisukuma pembeni, na karatasi hizi nimezichomoa kwenye daftari la shule la mdogo wako, usimwambie. Ningeweza kukuita tukazungumza. Nimejaribu wiki hii. Mara ya kwanza ulikuwa unasuka nywele, nikaona nitakuharibia. Mara ya pili ulikuwa umekaa peke yako kabisa, nikafungua mdomo, nikasikia nakuuliza kama umechukua sweta. Mdomo wangu ukikaribia jambo hili hukimbilia sweta. Basi afadhali niandike.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua, za watu wa kuepukana nao, baba yako ameshazisema na kesho atazirudia njia nzima mpaka basi liondoke. Mwache, ndivyo anavyolia yeye. Mimi ninalo moja.

Unakwenda Singida kuwa mtendaji wa kijiji. Siku tulipopata habari baba yako alitangaza mpaka kwa watu wasiouliza, na mimi nilichukua panga nikaenda kukata majani ya ng'ombe. Uliniangalia kwa namna ya mtu aliyeumia. Ulidhani sikufurahi. Nilifurahi, Manka. Lakini niliogopa pia, na hofu hiyo ina jina. Jina lenyewe unalijua. Ulikuwa darasa la sita uliporudi kutoka shuleni macho yamevimba, ukaniuliza kwa nini wenzako wanakuita mtoto wa Mama Upungufu. Nilikupiga kofi. Hukuwahi kuuliza tena, na mimi sikuwahi kujibu. Mengine uliyaokota njiani, najua, maana hapa mlimani hakuna ukuta usiosikia. Lakini hukuyasikia kwangu.

Nianzie mjini, kwa sababu Kiswahili changu nilikipata mjini.

Nilipomaliza darasa la saba, bibi yako wa Masama alinipeleka Moshi kufanya kazi kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, Mama Shirin. Nilikaa naye mpaka nilipoolewa. Alinipenda, alinifundisha kupima, kukunja, kusimama wima mbele ya mteja. Na alinifundisha kusema. "Usimwambie mtu kitambaa kimefifia," alikuwa akisema. "Mwambie rangi yake imetulia." Kitambaa kikiwa kizito mno, kinadumu. Kikiwa chepesi mno, kinafaa kwa joto. Hakuwa tapeli, bei yake ilikuwa ya haki na watu walirudi. Ilikuwa ni adabu ya dukani tu. Lakini mimi niliibeba adabu hiyo nikapanda nayo mlimani, na watu wa huku, ambao Kichagga ndicho kinachowatoka moyoni na Kiswahili ni cha ofisini, waliponisikia nikiongea na wageni wakasema huyu mama anajua kunyoosha maneno. Walipotafuta mwenyekiti wa kitongoji wakanichagua mimi. Aliyesimama kunipendekeza alikuwa jirani yetu, Mama Ndeshi. Alisema, "Mimi nikizungumza Kiswahili nikiwa na hasira maneno yananikimbia. Mama Manka atatusemea."

Atatusemea. Neno lake hilo.

Ile miaka unaikumbuka kwa jicho la mtoto. Soko la kahawa lilikuwa limefunguliwa, tukaambiwa sasa kila mtu ni huru. Wanunuzi wapya wa kahawa walikuja na mizani zao, wakanunua kwa bei waliyoitaka wao, wakaondoka. Dawa za mibuni zikapanda bei mpaka watu wakaacha kupulizia. Karo ikarudi, na ukienda zahanati unatoa chako mfukoni. Hayo tuliyavumilia kwa kunung'unika. Halafu masika yakakataa. Vuli nayo ikaja ikanyunyiza kama mtu anayebariki, ikaondoka. Mahindi ya mashamba ya chini yaliungua yakiwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza. Mfongo wetu, huo unaotuletea maji kutoka mtoni, ukabaki tope, kisha vumbi. Tulikata ndizi changa ambazo hazikuwa na kitu ndani. Migomba yenyewe tulikatakata tukawapa ng'ombe ili wasife, na ng'ombe nao wakawa hawana maziwa ya kutupa.

Na jioni redio inasema hali ni ya kuridhisha.

Nakumbuka baba yako alikuwa kilabuni, kilabu ambacho hakikuwa na mbege kwa kukosa ndizi na ulezi, watu wanakwenda kukaa tu kwa mazoea. Kiongozi mmoja akasikika redioni akisema wananchi waache uvivu, wapande mazao yanayostahimili ukame. Mzee mmoja akainuka, akaizima ile redio, akaigeuza uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Hakuna aliyecheka. Baba yako alirudi nyumbani akaniambia, "Watu wamechoka, Mama Manka. Huyo mgeni akija, atasikia."

Kwa sababu mgeni alikuwa anakuja. Mkubwa kutoka serikalini, si mtu wa mkoa wetu, akizunguka kuona hali halisi. Hivyo ndivyo walivyosema: kuona hali halisi. Siku ya kuamkia ujio wake tuliitwa wenyeviti wote wa vitongoji. Bwana mmoja kutoka ofisini, kijana mwenye sauti laini, alitueleza utaratibu: nani ataimba, nani atatoa zawadi, nani atauliza swali na swali lenyewe ni lipi. Akasema mgeni hajui Kichagga, na kwa kuwa wazee wetu wangependa kuzungumza, mimi nitakuwa mkalimani. Kisha akasema, "Neno njaa lisitumike. Hakuna njaa nchini. Kuna upungufu wa chakula katika baadhi ya maeneo."

Mwenyekiti mmoja akauliza, "Tofauti yake ni nini?"

"Tofauti ni kwamba moja ni lugha ya serikali," akajibu, na sisi wote tukacheka, hata mimi.

Sikulipwa kitu, mwanangu. Wako wanaosema nilipewa khanga, nilipewa mfuko wa sukari. Sikupewa. Mara nyingi nimetamani ningekuwa nimehongwa, maana aliyehongwa ana cha kurudisha. Nilichopewa mimi ni kiti cha mbele na kipaza sauti.

Mkutano ulikuwa uwanja wa shule yenu. Ninyi wanafunzi mliimba. Mgeni alikuja na msafara wa magari, akazungumza muda mrefu juani kuhusu mshikamano, naye mwenyewe akiwa chini ya turubai. Maswali yaliyopangwa yakaulizwa, majibu yaliyopangwa yakatolewa. Tulikuwa tunakaribia kufunga ndipo Mama Ndeshi aliposimama. Hakuwa kwenye mpango. Alikuwa amembeba mgongoni kitinda mimba wake, Aminieli, ambaye kwa umri wake alipaswa kuwa anakimbia na wenzake. Akazungumza Kichagga, taratibu, akiniangalia mimi na si mgeni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Alisema: "Mwambie mgeni kwamba jana nimewapa watoto wangu maji ya moto yenye chumvi, nikawaambia ni mtori wa ndizi. Mwambie huku kuna njaa. Mwambie redio yao inatusema uongo tukiwa tunaisikiliza. Na mwambie nataka kumwuliza..."

Hapo nikamkata. Niliinua mkono, hivi, kama mtu anayesimamisha gari, nikamgeukia mgeni. Yule kijana wa ofisini alikuwa ananitazama. Manka, nimeirudia dakika hiyo kichwani nikipalilia, nikikamua, nikisali, na kila mara naiona njia ya pili iko pale wazi, pana kama barabara. Nikasema:

"Mama anashukuru sana kwa ujio wako, Mheshimiwa. Anasema kuna upungufu kidogo wa chakula, ila wananchi wanaendelea kujitahidi."

"Kidogo?" akauliza mgeni.

"Kidogo, Mheshimiwa."

Akatabasamu, akapiga makofi, na walioketi naye wakapiga.

Uwanjani hakuna mwingine aliyepiga. Unaelewa kilichotokea? Watu wote pale walijua Kichagga, na wote walijua Kiswahili cha kutosha. Katika uwanja ule ni mgeni na watu wake wachache tu ambao hawakusikia nilichofanya. Nilimdanganya mtu mmoja mbele ya mamia ya mashahidi. Mama Ndeshi alibaki amesimama. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi sikusema hivyo." Lakini gari la matangazo lilikuwa limeshafungulia muziki.

Wenzetu wa ng'ambo ya korongo, msafara ulipofika kwao, walikaa barabarani. Wazee, wanawake, watoto, walikaa chini mbele ya magari wakapiga kelele wakitaja neno lile lile lililokatazwa. Wawili walikamatwa wakalala ndani. Baadaye lori la mahindi lilifika kwao. Sijui kama ni kelele zilizolileta. Ninachojua ni kwamba halikufika kwetu.

Nilisubiri. Kila siku nikawaambia watu litakuja. Mwishowe nikapanda gari nikaenda ofisini kwa yule kijana mwenye sauti laini. Nikamwambia, "Mwanangu, watu wangu wana njaa." Nililitamka, mbele yake, bila kupinda. Akaniangalia kwa huruma kabisa, hakuwa mtu mbaya, akasema, "Mama, mimi nilikuwepo. Si wewe mwenyewe uliyesema kidogo? Sasa mimi nitawaambia nini wakubwa huko juu?"

Nikarudi nyumbani na neno langu kinywani.

Hasira ya watu, mwanangu, haina nauli ya kumfuata mkubwa Dodoma wala Dar es Salaam. Inamshukia aliye karibu. Walinishukia mimi. Salamu zilikatika. Nikipita, mazungumzo yanasimama, na nikishavuka mtu mmoja anasema kwa sauti, "Upungufu huyo amepita." Watoto wakalichukua jina, nawe likakufika. Baba yako alikasirika, akasema tuhame tukaishi shamba la chini. Kwa muda mrefu nilijitetea moyoni: waliotukosea wako juu, magari yao yana vioo vya giza, mbona mimi ndiye ninayetukanwa? Huo utetezi ulikuwa na ukweli. Ndiyo maana ulinichelewesha. Uongo mtupu ningeutambua mapema.

Mama Ndeshi hakunitukana. Alifanya hesabu zake akaona asingesubiri lori. Huko Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, walikuwa wanatafuta wavunaji, na malipo yalikuwa mpunga wenyewe. Akachukua watoto akashuka. Binti yake Ndeshi akamtoa shuleni ili amsaidie kuvuna na kumwangalia mdogo wake. Unamkumbuka Ndeshi alivyokuwa darasani. Ulikuwa ukirudi nyumbani ukinuna kwa sababu amekupita tena, hata hesabu, hata Kiingereza.

Huko chini kuna mbu, na sisi watu wa baridi hatuna kinga ya homa ya kule. Aminieli aliugua akiwa tayari hana mwili wa kupambana. Walimrudisha kwa gari la mizigo ili azikwe kwenye kihamba, shamba la ukoo wa baba yake, kama inavyopasa. Nilikwenda mazikoni. Watu walinipisha, si kwa heshima. Ndeshi alikuwa amesimama kando ya mama yake, mikono imechanwachanwa na majani ya mpunga, akanisalimia, "Shikamoo mama." Mtoto yule. Nikaitikia marahaba, na tangu siku hiyo sijawahi kulitamka neno hilo bila kuisikia sauti yake.

Sikuweza kulala na jambo lile. Baada ya matanga kuisha, bibi yako wa hapa nyumbani alinikuta nimekaa kwenye jiwe la nje, akachuma jani la sale uani akaniwekea mapajani. Unajua sale kwetu ni nini. Mtu akikujia na jani hilo ameshapiga magoti kuomba msamaha, na kumkataa ni kujitakia balaa. Nikaenda nalo kwa Mama Ndeshi. Alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikamnyooshea kwa mikono miwili, nikaeleza kosa langu kwa Kichagga, lote, bila kulitulizia rangi.

Akalipokea. Alilishika kwa muda akiligeuzageuza.

"Nimelipokea, Mama Manka," akasema. "Hili ni lako, nami nimelipokea. Sasa niambie, yule aliyekuja na magari, la kwake liko wapi?"

Nikalitazama lile jani mkononi mwake.

"Na wale wa redioni? Na waliosema tuko huru? Nitakaa hapa mlangoni, kila mmoja atakuja na la kwake?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Wewe umekuja kwa sababu nyumba zetu zinatazamana. Ndiyo tofauti yenu."

Niliitisha mkutano wa kitongoji nikasema mbele ya watu kile alichosema Mama Ndeshi siku ile, neno kwa neno, kwa lugha zote mbili, na kwamba mimi sikukifikisha. Mzee mmoja akauliza, "Sasa inatusaidia nini?" Nikasema haisaidii kitu. Nikaacha uenyekiti. Wengine walinisifu kwa hilo. Siku hizi naona hata kuacha lilikuwa kosa jingine, nalo sijalisema popote. Nilikuwa tayari nimejifunza kwa bei kubwa, bei ambayo si mimi niliyeilipa, halafu nikaenda nayo nyumbani kulisha ng'ombe wangu. Aliyenirithi hakuwa amejifunza chochote. Alinyoosha maneno kunishinda. Mradi wa bomba uliahidiwa, ukaahidiwa tena, naye akawa anatuletea ahadi zikiwa zimepigwa pasi. Mimi nikawa nakaa nyuma mikutanoni, kimya, nikijiona mnyenyekevu. Ulikuwa woga ule ule, umebadili nguo.

Mvua ilirudi, kama unavyojua. Watu wakapanda, wakala, wakapata nguvu za kugombania mambo mengine. Mgeni yule alipanda cheo. Niliona picha yake gazetini, ameongezeka mwili. Watu wa huku wakisikia jina lake bado wanatema mate chini, lakini uchaguzi ukija wanapokea fulana kama kawaida, na mimi sina uso wa kuwalaumu.

Ndeshi hakurudi shule. Alibaki Chekereni, ana mume, ana watoto, ana jaruba lake la mpunga na nasikia analisimamia kuliko mwanamume yeyote. Watu wanasema amefanikiwa, na ni kweli. Lakini baba yako alipokuwa anatangaza habari za kazi yako, mimi pale kwenye majani ya ng'ombe nilikuwa nawaona watoto wawili wakitoka shule, na mmoja yuko mbele.

Sikuambii haya ili uibebe nafasi yake. Huwezi, na wala si yako. Wala sikuambii uwe jasiri. Mimi niliyeogopa kijana mmoja mwenye sauti laini nitamwambia nani awe jasiri? Nakuambia tu kile ninachojua, kwamba siku hiyo haitakuja imevaa kama siku ya mtihani. Itakuja wakati una hamu ya kwenda nyumbani, jua kali, mkutano unakaribia kufungwa, na neno la uongo liko tayari, laini, lenye adabu, na hakuna anayekulazimisha. Watu wa Singida nao wana lugha yao, na wewe utakuwa juu yao na chini ya wengine. Wa juu watakupongeza kwa utulivu wa kijiji chako. Utulivu mwingine ni watu kukosa wa kumwambia.

Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, usiache kazi ukafikiri umetubu.

Kuna jambo moja zaidi. Jumapili ulipokwenda Moshi kununua hilo sanduku lako baya, Mama Ndeshi alikuja hapa. Tumekuwa tukisalimiana miaka hii yote, tumezikiana, tumeazimana chumvi, lakini ndani hakuwa ameingia. Siku hiyo aliingia. Alileta mkungu wa ndizi, akaketi, akakataa chai, kisha akakubali. Akasema, "Nimesikia mtoto anakwenda kuwa serikali."

Nikasema ndiyo.

Akaweka kikombe chini, akasema, "Nisikudanganye. Uliponiletea lile jani nililipokea kwa mkono. Moyoni nilijaribu kumwombea mtoto wako mabaya, ili na wewe uone. Nilijaribu usiku mwingi. Nikashindwa. Kila nikianza namwona alivyokuwa anakuja kwangu kumchukua Ndeshi waende shule, viatu ameshika mkononi asivichafue." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Nataka kumsindikiza. Kuna kitu nataka kumwambia, yeye mwenyewe, si kupitia mtu."

Nikamwambia aje.

Kwa hiyo kesho asubuhi tukifika barabarani utamkuta. Mpe shikamoo yake kabla hujaniaga mimi, na umsogelee, kwa sababu siku hizi anaongea kwa sauti ya chini. Mimi nitasimama nyuma na baba yako. Chochote atakachokuambia, kwa lugha yoyote atakayochagua, sitakuuliza, wala sitakueleza alimaanisha nini.

Mama yako.